Glasi ya Mkurugenzi

Uvumi ulisema hivi: kile kidude cha kupimia mionzi kwenye maji machafu ya kiwanda hakina betri. Mfagizi wa Ofisi ya Usalama aliusikia akisukwa nywele. Akacheka na wenzake, akarudi na uvumi huo nyumbani, akalala nao, akaamka nao. Wenzake waliusahau kama mtu anavyosahau ndoto. Yeye hakuweza. Alikuwa na binti wa miaka tisa, na kila Jumamosi binti huyo aliosha nywele kwenye mfereji wa nyuma ya kiwanda cha umeme wa nyuklia, pale bomba linapotema. Maji yale yalitoka vuguvugu hata asubuhi za baridi. Mtaa mzima ulishukuru: mkaa umepanda, na hapa serikali inawachemshia bure.

Wiki hiyohiyo likabandikwa tangazo, herufi kubwa, mihuri miwili: "Uongozi unautangazia umma, kwa furaha isiyo kifani, kwamba kwa robo mwaka ya kumi na mbili mfululizo maji yanayotoka kiwandani yamepimwa na kukutwa safi kuliko yalivyoingia." Ikaundwa Kamati Ndogo ya Kuratibu Shangwe, wajumbe tisa, kwa kuwa shangwe isiyoratibiwa huzaa maswali.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mzuri sana kwenye karatasi. Kila mwezi mpimaji, ambaye wote walimwita Bwana Sampuli, avae buti za mpira, ateremke hadi mdomo wa bomba, achote chupa sita, azipime kwa kidude, aandike. Mfagizi ndiye aliyeosha chupa hizo. Shule aliishia darasa la saba, lakini tope alilijua. Chupa hazikuwahi kurudi na tope. Buti nazo zilining'inia nyuma ya mlango mwaka mzima, karatasi za dukani bado zimejazwa ndani. Sampuli zilichotwa kwenye mtungi wa maji ya kunywa ya ofisini, ule wenye koki mbili, ya moto na ya baridi. Bwana Sampuli, kwa uangalifu wa kitaalamu, alitumia ya baridi.

Siku mfagizi, mama wa watu, alipojipa moyo kumuuliza, Bwana Sampuli alimweleza kwa upole kwamba njia ya bomba ina utelezi, na Sera ya Usalama Kazini inamkataza mfanyakazi kupita penye hatari.

"Na watoto wanaooga pale?"

"Wale si wafanyakazi, mama yangu. Sera haiwahusu."

Betri alizikuta Jumanne, akifuta vumbi saa ya ukutani kwenye chumba cha mikutano. Mbili, zimeandikwa kwa wino mwekundu: ZA KIPIMO, ZISITOLEWE. Sababu ilikuwepo, tena nzito. Saa ilikuwa imesimama na mkutano ukachelewa dakika saba. Kidude nacho kilikuwa na tabia mbaya ya kulialia kila kikisogezwa kwenye dirisha la upande wa bomba. Kwa uamuzi mmoja uongozi ukatibu magonjwa mawili.

Akapanda kwa Mkurugenzi. Akasikilizwa, akiwa amesimama, hadi chai ya Mkurugenzi ilipokwisha. Kesho yake ukatoka Waraka Namba Nne: maji ni salama, anayedai kuumwa kwa sababu ya maji anaumwa na woga, na gari la wagonjwa la kiwanda halitatoka kwa ajili ya woga.

Mama akarudi kwenye ufagio wake. Binti akapigwa marufuku mfereji, akanuna, akaambiwa anune tu, kununa hakuui.

Asubuhi ya ukaguzi wa robo mwaka, kabla wakubwa hawajafika, mfagizi alizitoa zile karatasi ndani ya buti, akavaa, akafunga mikono kwa mifuko ya plastiki, akateremka hadi mdomo wa bomba. Akachota chupa sita, akazipanga mezani kwenye chumba cha mikutano. Sheria hakuvunja hata moja. Ndiyo kwanza ilikuwa inafuatwa.

Ukaguzi ulikuwa na desturi yake. Baada ya hotuba Mkurugenzi humimina sampuli kwenye glasi, huiinua, huinywa yote, na Kamati hupiga makofi matatu. Mkaguzi wa zamani alikuwa akisaini kabla glasi haijatua. Lakini yule alikuwa amestaafu, na aliyekuja alikuwa mgeni, mwembamba, mchache wa maneno.

Mkurugenzi akamimina. Chini ya glasi likatua tope kidogo. Hakuliona, alikuwa anatabasamu. Akainua.

"Bosi," mfagizi alisema kutoka mlangoni, ufagio mkononi, "ya leo ni ya bombani kweli. Nimechota mwenyewe."

Glasi ikasimama inchi moja kutoka mdomoni. Maji yakayumba, tone likamwangukia kidoleni.

Mkaguzi akafungua kalamu. Kisha akasema, "Kunywa, Mkurugenzi. Umesaini mara kumi na mbili kwamba ni safi."

"Leo sina kiu."

Mkaguzi akaliandika hilo. Akaomba kidude, kikaletwa, kiko kimya kama maiti. Mfagizi akapanda kiti, akaishusha saa, akampa betri. Saa ikasimama saa nne na dakika ishirini. Kidude kikalia mbele ya glasi, kikalia tena mbele ya kidole cha Mkurugenzi. Kamati ya Shangwe ikatoka yote kwa mlango mmoja, bila kuratibiwa.

Mkurugenzi akapiga kelele aletewe gari la wagonjwa. Akaja dereva, ambaye mwezi uliopita alikatazwa kumpakia mtoto wa jirani yake aliyetoka vipele.

"Samahani, bosi. Waraka Namba Nne. Huo ni woga."

"Waraka niliuandika mimi!"

"Ndiyo maana naufuata."

Mkaguzi akaupiga waraka mstari, akaamuru gari litoke: mtaani kwanza, watoto wote wa mfereji wakapimwe. Mkurugenzi akaelekezwa mwisho wa foleni. Akasimama nyuma ya mtoto wa miaka minne, kidole juu, kama mwanafunzi anayejua jibu na hakuna anayemuuliza.

Majibu ya binti bado hayajatoka. Mama anasubiri. Huku akisubiri, amebandika karatasi yake juu ya lile tangazo la shangwe:

Usimwoshe mtoto kwa maji ya mfereji, hata yawe ya moto vipi.
Usifue nepi wala sare pale.
Usimwagilie mboga. Usile samaki wa pale.
Usiamini kipimo ambacho hakijawahi kulia.
Usiamini ripoti ya mtu ambaye buti zake hazina tope.
Usinywe maji unayoambiwa ni salama mpaka aliyekuambia anywe kwanza, na uwe umemchotea wewe.