Siku Afande Alipokuja Kukitetea Kiswahili

Jumatatu, 7 Julai

Kwa huzuni na taadhima, natangaza kwa taifa la Uganda, Jumuiya ya Afrika Mashariki na yeyote anayeisoma shajara hii bila ruhusa yangu: kiti changu katika chumba cha walimu kimehamishwa. Kilikuwa dirishani. Sasa kiko nyuma ya mlango. Kila anayeingia hunigonga goti, kisha hunipa pole kwa Kiingereza.

Dirishani amewekwa Masinde. Masinde! Mkenya mwenzangu, Mbukusu mwenzangu, tuliyevuka naye mpaka wa Malaba ndani ya basi moja. Leo anafundisha Kiingereza, na hata chafya anapiga kwa Kiingereza.

Nilimwuliza mwalimu mkuu, Madam Nabangala, kulikoni. Akasema nisijali, ni mpangilio tu. Kisha akaongeza, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, kwamba Jumamosi wazazi wakija kutembelea shule watapiga kura: kipindi cha Kiswahili kibaki, au kigeuzwe kuwa cha hotuba za Kiingereza chini ya Masinde. Nikauliza mimi nitafundisha nini. Akatazama saa yake.

Sina somo lingine. Kiswahili kikiondoka, nami naondoka.

Jumanne, 8 Julai

Shule yetu hapa Bugolobi ina kibao cha mbao chenye kamba. Mtoto akisikika uwanjani akisema lugha isiyo Kiingereza, anavishwa shingoni mpaka amnase mwenzake. Kiswahili kinaruhusiwa darasani kwangu tu, mlango ukiwa umefungwa, kama pombe haramu.

Mpango wa kwanza: kuwavuta akina mama getini. Nikasimama pale nawasalimu kwa Kiswahili kitamu kabisa. Mama mmoja akapandisha kioo cha gari. Mwingine akaniambia kwa upole, "Ssebo," yaani bwana, "mwanangu hataki kuwa askari."

Ndiyo Kampala hiyo. Kwao Kiswahili ni cha kambini, cha vizuizi barabarani, cha kuambiwa shuka na utoe kitambulisho. Mtu unamwuliza habari ya asubuhi, yeye anapapasa mifuko.

Mbaya zaidi, watoto wa darasa la tatu walinisikia. Wakaniambia, "Sheria ni sheria, tichala!" Nilivaa kibao mpaka saa ya chai. Masinde alikitazama, akasema kinanipendeza kuliko tai yangu.

Jumatano, 9 Julai

Wazo! Limenijia nikila roleksi, ile chapati ya kuviringiwa yai, kando ya barabara. Yai likanidondokea suruali, wala sikujali.

Wazazi wanakidharau Kiswahili kwa sababu hawajaona mkubwa anayekisema kwa fahari. Basi waonyeshwe mkubwa! Alanyo wa darasa la tano baba yake ni polisi, Afande Oyat, mtu wa Gulu, mrefu kama mlingoti, sauti kama lori linalopanda mlima. Nikamfuata kambini kumwomba aje Jumamosi awahutubie wazazi. Akanipa chai, akanisikiliza mpaka mwisho, machozi yakamlengalenga.

"Mwalimu, Kiswahili ndiyo ilinilea," akasema. "Nilikuja huku sijui hata Luganda. Ikanipatia kazi, ikanipatia marafiki, ikanipatia bibi. Eti sasa wanataka kuiua? Nitakuja."

Nikamwomba avae sare, apendeze. Akauliza kama anaweza kuja na wenzake. Lete, Afande, lete!

Ijumaa, 11 Julai

Jana sikuandika. Nilikuwa nikiwafundisha watoto shairi la kuwasomea wazazi. Asipokuja je? Akija, je? Watoto wamekariri shairi langu na kulisahau mara mbili.

Mke wangu Moreen aliniuliza mbona napiga pasi shati lilelile tena na tena. Nikababaika, nikamwambia kesho nafanywa naibu mwalimu mkuu. Amewapigia simu akina mama wote wa kanisani. Wamefunga na kuomba. Sasa hata Mungu anasubiri.

Jumamosi, 12 Julai

Siku ya kihistoria. Afande alifika. Wazazi wote walisimama kwa pamoja. Kiswahili kilisemwa kwa ufasaha, hata na watu ambao sikuwatarajia. Nimechoka. Nalala.

Jumapili, 13 Julai

Haya. Nimetoka kanisani, na shajara yangu mwenyewe siwezi kuidanganya. Ilikuwa hivi.

Afande Oyat alikuja na askari wawili, wamepanda nyuma ya pikapu ya polisi. Akaingia katika hema la wazazi wakati Madam Nabangala akiwa katikati ya hotuba, akaona watu wananong'ona na kugeuka, akaamua kumsaidia kutuliza mkutano. Akanguruma: "Wote kaa chini! Hakuna mtu kutoka!" Maskini, ndivyo wanavyotulizana kambini.

Bannange, jamani! Wazazi walisimama kama mtu mmoja. Nusu yao wakatoroka kwa mlango wa hema wa upande wa jikoni. Baba mmoja, anayeuza simu mjini, aliruka sufuria ya posho, yaani ugali, bila kuigusa. Madam Nabangala alinyoosha mikono juu, maikrofoni ikiwa bado mkononi. Na Masinde? Masinde alichuchumaa, akatoa Kiswahili ambacho sijakisikia tangu shule ya upili: "Naomba radhi, Afande, tafadhali. Mimi ni raia mwema. Kitambulisho changu nimekisahau nyumbani." Kimenyooka! Ningempa alama zote.

Na mimi, mlinzi wa Kiswahili? Nilikuwa chini ya meza ya keki. Nikaona buti zinakuja, zinasimama. Afande akainama, akaniuliza, "Mwalimu, unatafuta nini huko?" Nikajibu kwa Kiingereza, kwa sauti iliyosikika hema zima, kwamba sina hatia yoyote, mimi ni mwalimu wa Kiingereza.

Afande akaenda kukaa karibu na Alanyo, akavua kofia, akaiweka magotini.

Wazazi walirudi mmoja mmoja, wakaelezwa, wakacheka kicheko cha kujisitiri. Kura ikapigwa. Mama wa kile kioo cha gari, akiwa na kiatu kimoja tu mguuni, alisimama akasema Kiswahili lazima kibaki, tena kiongezwe, ili wanawe waelewe wanachoambiwa kabla hawajakimbia. Makofi! Kimepita!

Nikasimama kuwashukuru. Madam Nabangala akanikalisha. Kiswahili, akasema, atakishika Mwalimu Masinde, kwa kuwa kila mtu amesikia alivyo fundi. Na hotuba za Kiingereza, ambazo sasa zitafanywa jioni baada ya masomo, atazishika Mwalimu Khaemba, yaani mimi, kwa kuwa amejitangaza mwenyewe.

Masinde hajacheka. Amekasirika kuliko mimi.

Moreen amewaambia akina mama kwamba maombi yamejibiwa, ila yamejibiwa kwa Kiingereza.

Nimekaa mchana kutwa nikijichunguza kwa unyoofu nilikosea wapi. Nimepata. Afande alikuja na askari wawili tu. Wangekuwa sita, mmoja akasimama mlango wa jikoni, wazazi wangekaa kwa utulivu na hotuba ingesikika yote. Muhula ujao kuna siku nyingine ya wazazi. Kesho naenda kambini kumwomba Afande Oyat radhi, na kumwuliza kama wana mbwa.