Malalamiko Kuhusu Kamera ya Paani na Mazungumzo Yangu na Tangi

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya jengo letu,

Shikamoo. Mimi ni binti wa mshonaji wa chumba namba tisa, yule anayepita kwenye ngazi bila kusema kitu. Nimemaliza shule juzi, na Alhamisi nina usaili wa kazi ya mapokezi kwenye zahanati. Kwa kuwa naona haya kuongea na watu, hupanda paani kufanya mazoezi peke yangu. Kumbe kamera yenu ipo. Nalalamika kwa heshima:

1. Jumatatu nililiamkia tangi la maji, nikalieleza ninavyojua kupokea wagonjwa. Kabla sijashuka, video ilishafika kwenye kundi la simu la jengo, na maandishi haya: "Binti asiyefahamika anajadiliana na tangi." Nimeishi hapa miaka kumi na minne.

2. Watu thelathini na wawili walitoa maoni. Mama mdogo, aliyehama mwaka jana lakini bado yumo kwenye kundi, alipiga simu kuuliza kama nimechumbiwa. Fundi viatu wa chini aliandika, "Mwambieni ainue uso, hivyo kazi hapati." Alisema kweli, ndiyo maana iliniuma.

3. Mlinzi alishuku kuna mtu ndani ya tangi. Likafunguliwa, likamwagwa maji yote, na jengo zima likakosa maji.

4. Ikiwa usalama ni kujua mambo ya kila mtu, basi hata wanakamati ni watu. Naomba kamera moja iwekwe sebuleni kwako, mzee wangu, nyingine imtazame anayetazama kamera, na ya tatu imtazame huyo anayemtazama, mpaka wote tuwe kazini tunatazamana na asibaki mwenye nafasi ya kuiba.

5. Kama hilo ni gumu, iondoeni ya paani tu. Zimebaki siku mbili, na bado sijaweza kutaja jina langu kwa sauti.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, wanakamati, mlinzi, na wale thelathini na wawili.

Wako mtiifu,
Binti wa chumba namba tisa

Nyongeza: Nikiwa nafunga bahasha, nimegundua blauzi aliyonishonea mama kwa ajili ya usaili haipo kwenye kamba ya paani. Asubuhi niliifunika kamera kwa taulo ili nipate faragha. Mwizi amebeba na taulo, kwa hiyo sura yake mnayo. Tafadhali iwekeni kwenye kundi leo hii, pamoja na video za kila mlango. Ikiwa za vyumbani zipo, anzeni na hizo.