Mikanda Miwili ya Mashine ya Theluji

Jumatatu, 19 Januari

Safari hii Gichuki nimempata! Jumamosi wageni kutoka Houston wanaleta posa ya binti wa dada Everline. Everline ni mjane, kwa hiyo anahitaji mzee wa kumsemea mbele ya wakwe. Hapa Dallas kazi hiyo humwendea Mzee Gichuki kila mara, naye huongea mpaka supu inaganda. Mimi nimefundisha fizikia maisha yangu yote, Kiswahili changu kimenyooka, lakini huwekwa kiti cha mlangoni, karibu na viatu.

Sasa utabiri unasema theluji. Nyumba ya Everline hapa Cedar Hill iko juu ya mteremko mkali. Na ni nani ana mashine ya kurusha theluji katika mji ambao watu hawana hata koleo? Mimi! Jirani mmoja wa Michigan alihamia Florida akaniachia bure. Nimempigia Everline. Amesema nikiifungua njia yake, kiti cha msemaji ni changu. Nikamsihi atangaze kwenye kundi la WhatsApp. Ametangaza. Gichuki akauliza kama mashine hiyo pia hukamua ng'ombe.

Jumanne, 20 Januari

Nimefungua mashine. Ni kuukuu kuliko ndoa nyingi ninazozijua. Nieleze inavyofanya kazi, maana mimi huelewa vizuri zaidi nikieleza. Injini ni moja, mikanda ni miwili. Mkanda wa kwanza huzungusha parafujo kubwa la mbele, linalozoa theluji na kuirusha kupitia bomba. Wa pili huendesha magurudumu na, hili ni muhimu, ndio huyazuia yasibiringike ovyo kwenye mteremko.

Nimemwaga oili ya zamani, nimetia mpya. Nimesafisha kabureta, ambamo petroli iliyolala miaka ilikuwa imegeuka gundi. Plagi mpya. Grisi kila palipolia. Mwisho nikafungua kifuniko cha mikanda. Yote miwili imepasuka kama visigino vya kiangazi. Nikauvuta mmoja kidogo, kuupima. Ukakatika. Nikauvuta wa pili, kulinganisha. Nao ukakatika.

Jumatano, 21 Januari

Nimezunguka maduka mpaka Irving. Watu wanapigania mkate na maji kana kwamba dunia inafungwa Ijumaa. Muuzaji wa kwanza alinipeleka kwenye mashine za kukata nyasi. Wa pili aliita wenzake waje wanione. Mtandaoni mikanda ipo, lakini itafika wiki ijayo.

Mtu muungwana angempigia Everline akasema ukweli. Niliishika simu. Nikamwona Gichuki akilini, amekaa kiti cha mbele, anajikohoza kabla ya kuanza. Nikaiweka simu.

Ndipo nikakumbuka safari za Kisii kwenda Nairobi! Mkanda wa feni ukikatika njiani, dereva alimwomba abiria wa kike soksi yake ndefu ya nailoni, akaifunga, na gari likafika. Binti yangu Nyaboke ni nesi. Ana soksi zile nene za kubana miguu, za watu wasimamao zamu nzima. Zilikuwa bafuni, zimeanikwa. Imara kuliko nailoni yoyote ya zamani zile. Jozi mbili.

Nimezichukua zote. Akiba ni muhimu.

Alhamisi, 22 Januari

Imewaka! Fundo halikupita kwenye puli, kile kigurudumu cha mkanda, kwa hiyo nilizishona soksi kwa uzi wa kushonea viatu. Parafujo linazunguka vizuri ajabu. Ni kweli kwamba nimejaribu gereji, kwenye sakafu tambarare, bila theluji. Lakini kanuni ni ileile. Nimerusha video kwenye kundi. Everline akaandika: Mwalimu, kiti ni chako! Gichuki akauliza kwa nini mikanda ina rangi ya chai ya maziwa. Nikajibu kwamba ni mikanda ya kisasa, ya kiwango cha hospitali. Si uongo kamili.

Nyaboke aliulizia soksi zake alfajiri akienda kazini. Nikasema labda zimepotelea kwenye mashine. Huo nao si uongo kamili. Mbona sikuweza kumalizia chai?

Jumamosi, 24 Januari

Sijui nianzie wapi. Nianze na barafu.

Haikuwa theluji laini. Ilinyesha mvua ya barafu, kisha chenga kama chumvi ya mawe. Wageni walikuwa wamefika Dallas jana na kulala hotelini, kwa hiyo walikuja tu, wanatambaa na magari yao. Akina mama wetu walikuwa wametandika leso mpya chini ya mteremko ili shangazi za bwana harusi wakanyage heshima.

Niliianzisha mashine wakinitazama wote. Ilipanda. Nakiri nilipunga mkono. Nusu ya mteremko, ule mkanda wa magurudumu ukaanza kunyooka. Soksi ya kubana imetengenezwa ivutike! Hilo ni somo la kidato cha pili, nimelifundisha mwenyewe. Magurudumu yakalegea. Mashine ikaanza kurudi chini nami nimeishikilia, tunateleza pamoja, naigeuza itazame chini huku naomba Mungu, parafujo likizunguka mbele yetu kwa furaha. Wale shangazi wakaruka kando kwa wepesi ambao sikuutarajia. Mashine ikazila leso zote, moja baada ya nyingine, ikakohoa, ikazima. Moshi wa nailoni.

Gichuki akaunusa moshi: "Mwalimu, umeivisha soksi isishikwe na baridi?"

Walicheka hata wakwe.

Nyaboke alikuwa ametoka zamu moja kwa moja. Alifungua kifuniko, akavuta kipande cha soksi, akakitambua. Akakifungia ndani ya kiganja watu wasijue ni soksi ya nani. Ndipo nikaiona miguu yake. Alikuwa amevaa ndara kwenye barafu, kwa sababu baada ya zamu mbili bila soksi miguu ilikuwa imevimba, haiingii kiatu. Natamani angenipigia kelele.

Gichuki alimwaga mchanga wa choo cha paka njia nzima, isiteleze, akawapandisha shangazi mmoja mmoja, wakishika kiwiko chake. Akakaa kiti cha mbele. Akasema maneno machache, mazuri. Posa imepokelewa. Nilisikilizia karibu na viatu.

Jumapili, 25 Januari

Nimeomba radhi. Kwa Everline, ambaye alinitumia chapati na kusema leso hununuliwa. Kwa kundi lote. Kwa Nyaboke mara kadhaa, mpaka akachoka. Alisema, "Baba, ungeniomba tu, ningekupa." Sentensi hiyo imenikaa kifuani. Nimeapa: sitachukua tena kitu cha mtoto huyu bila kumwomba. Nimejifunza.

Jumanne, 27 Januari

Everline ametangaza kwamba mwezi wa sita tutawarudishia wakwe ziara, Houston. Msemaji: Gichuki. Sawa. Sina kinyongo.

Ila Houston hufurika mwezi huo. Nimefikiri kwa utulivu, kama msomi. Wageni wakifika wakute maji sebuleni, nani atahitajika, msema maneno au mwenye pampu? Leo asubuhi nimeipata moja, ya bure, huko Irving. Ya zamani lakini nzima. Imekwisha tu mpira wa kuzuia maji, wa duara, mnene, ambao kwa bahati njema unalingana kabisa na ule wa sufuria ya presha ya Nyaboke.

Nilikwenda kumwomba, kama nilivyoapa. Nikasimama mlangoni mwake. Amelala, ametoka zamu, maskini. Ningekuwa baba wa namna gani kumwamsha kwa ajili ya mpira? Nimeufunga mlango polepole kabisa. Mpira umeitosha pampu, ingawa ilibidi niukate kidogo upande mmoja.