Samaki wa Mama Mkwe

Hakuna mdudu aliyewahi kuzaliwa ambaye kinyozi Jibu hakuujua ukoo wake. Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa swali lako lilikuwa halijatoka mdomoni na jibu lake limeshafika.

Mbu huvuma sikioni kwa nini? Anapiga hodi, ana adabu zake. Anayeuma ni dume au jike? Dume huuma wanaume, jike huuma wanawake, ndiyo maana kwenye ndoa hakuna anayepona. Na kereng'ende, yule anayezungukazunguka juu ya dimbwi? Huyo ni mkaguzi wa maji. Wateja walinyamaza, maana mtu aliyeshika wembe shingoni mwako habishiwi.

Sasa Jibu alikuwa na mchumba, mchumba alikuwa na mama, na mama ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Mama huyo aliwahi kuona samaki wa mapambo ndani ya kioo kule benki, akarudi nyumbani akisema moyo wake haujapata kutulia vile. Jibu akazipata habari hizo, akaenda moja kwa moja nyuma ya kibanda chake, kwenye pipa la maji ya mvua. Humo mlijaa vitoto vya samaki, vyembamba kama nyuzi, vinakata viuno, vinapanda na kushuka. Alijaza mtungi wa kioo, akaufunga utepe, akaupeleka ukweni kwa mikono miwili.

"Aina adimu hii, mama," alisema. "Wanapumulia mkiani."

Mama akaupokea mtungi kama anayepokea mjukuu. Akauweka mezani karibu na kiti chake, akapiga marufuku kukohoa mbele yake. Siku chache baadaye akampigia simu mkwe mtarajiwa: samaki wamejikunja, vichwa vimevimba, chakula hawataki. Jibu, akiwa katikati ya kichwa cha mteja, akamwambia hiyo ni mimba. Awaache watulie, na madirisha ayafunge, baridi isije ikawapiga.

Mama akayafunga yote.

Jumapili Jibu akaenda kupangiwa siku ya harusi. Alikuta sebule nzima inapiga makofi. Akadhani anashangiliwa, akainama kushukuru. Alipoinua kichwa ndipo akaona makofi yanatua mashavuni na mapajani. Mtungini yalibaki maji na vijiganda vitupu vinaelea. Mama mkwe alikuwa na jicho moja tu, la pili limemezwa na uvimbe. Mbu mmoja akatua kwenye paji la uso la Jibu, taratibu, kama mtu aliyefika kwao.

"Baba," mama akasema kwa upole, "wewe ndiye mjuzi. Huyo usoni mwako ni nani?"

Jibu akatafuta jibu pembe zote za kichwa. Halikuwepo.

"Ni mbu, mama."

"Na samaki wangu wako wapi?"

"Ndio hawa, mama."

Mchumba akaanza kulia, akijua harusi imekwisha kabla ya kuanza. Mama akamfuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Nyamaza, mwanangu. Utaolewa na huyuhuyu. Mume wa dada yako ana akili nyingi, mpaka leo hatujui hulala wapi. Huyu aliyelea mbu akidhani ni samaki, wewe atakuficha nini?"