Tiki Mbili za Bluu

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema! Mama Jengo, mwenye jengo letu, kaniletea simu yake mwenyewe. Kioo kimepasuka, ataifuata Jumatano saa nne. Kaniachia na namba ya siri, kaiandika kwenye kikaratasi. Imani iliyoje!

Mimi natengeneza simu chini ya ngazi. Kila anayepanda hunimwagia vumbi ndani ya simu zilizo wazi. Kazi nyingine naipeleka nyumbani, na jana mke wangu kakuta skrubu ndani ya sukari. Kasema ama nipate chumba, ama simu zihame nyumbani na mimi nizifuate. Hakucheka. Chumba cha mbele kiko wazi tangu mshonaji ahame. Ijumaa Mama Jengo ataamua nani akipate: mimi au Bingwa, fundi mwenzangu wa upande wa pili wa korido, mwenye kibao cha taa na maneno mengi kuliko wateja.

Saa nne kioo kipya tayari. Nikajaribu kama kinasikia vidole. Kinasikia. Nikajaribu kama kinaonyesha herufi vizuri. Herufi zilikuwa za Bingwa! Ujumbe wa asubuhi, haujasomwa. Shikamoo Mama, ana jambo kuhusu jirani yake wa chini ya ngazi, ni vizuri Mama alijue kabla hajaamua.

Fitina! Nimeufuta. Siri ya mtungi aijuaye kata, na leo kata ni mimi.

Jumanne, 4 Machi

Siku za mwizi ni arobaini. Yangu ilikuwa moja.

Bingwa kaja asubuhi. Kasema jana saa nne tiki mbili kwenye ujumbe wake ziligeuka bluu, maana yake umesomwa, lakini Mama kimya. Kauliza, si simu ya Mama iko kwangu? Miaka tisa kwenye kazi hii, nikasahau tiki! Nikamwambia kioo kipya wakati mwingine hujipapasa chenyewe. Naye ni fundi. Kanitazama kama anavyotazama simu iliyotolewa chooni.

Alipoondoka nikapata wazo. Nikamjibu kwa simu ya Mama, kwamba ujumbe umefika, asante mwanangu. Safi! Yamekwisha.

Dakika mbili baadaye akajibu. Kashukuru sana. Basi wataonana kesho saa nne hapahapa kwangu, Mama akija kuchukua simu. Nikaufuta na huo. Kisha nikakaa chini.

Jumatano, 5 Machi

Mama Jengo kaja mapema, sikupata hata muda wa kujifanya mgonjwa. Kaja na mpwa wake. Mwanasheria. Tena wa mambo ya mawasiliano. Kati ya sheria zote duniani!

Mpwa anataka kila duka la jengo libandike tangazo la kulinda siri za wateja. Kaeleza kwamba ujumbe wa mtu ni barua iliyofungwa. Anayeufungua bila ruhusa kavunja sheria, na anayejibu kwa jina la mwenye simu ndiyo kabisa. Faini au kifungo. Nikasema naunga mkono asilimia mia. Nikachukua kalamu ya wino mzito nikaanza kuandika: SIRI YA MTEJA NI AMANA. Nilikuwa kwenye AMANA Bingwa alipoingia, akamwambia Mama kaja kwa miadi yao.

Mama kauliza, miadi gani? Bingwa kafungua simu yake. Jibu lilikuwapo, la jana mchana. Mama kasema jana mchana simu yake ilikuwa hapa. Mpwa katazama saa ya ujumbe, kisha tangazo, kisha mimi.

Nikakiri.

Mama akamuuliza Bingwa hilo jambo lenyewe ni lipi. Kasema yeye chumba hakitaki tena, kapata duka karibu na kituo. Alitaka tu kusema jirani yake wa chini ya ngazi ni fundi mzuri, vumbi linamharibia kazi, na kwa kuwa ana haya hataomba vizuri. Apewe yeye.

Nilitamani ardhi inimeze. Mama kachukua simu yake. Kasema jibu Ijumaa.

Alhamisi, 6 Machi

Sikula. Mke wangu kauliza habari za chumba. Nikasema mazungumzo yanaendelea. Chumba cha jengo au cha jela, sikufafanua.

Ijumaa, 7 Machi

Alhamdulillahi! Hanishtaki! Mama Jengo kanisema nusu saa nzima, nikainamisha kichwa nusu saa nzima, kisha kanipa funguo za chumba cha mbele. Kasema kina kioo pande tatu, na kutoka ofisini kwake ataiona mikono yangu kutwa. Mpwa kaongeza sharti: hakuna tena vikaratasi vya namba za siri, mteja afungue simu mwenyewe. Nikakubali yote. Nilipotoka nje nililia kidogo, sioni aibu. Bingwa kanisaidia kubeba meza. Mtu mwema sana! Nimemwomba radhi mara tatu.

Mke wangu kapika kwa furaha. Sukari ilikuwa sukari tupu. Nimeapa: simu ya mtu siisomi tena maishani.

Jumatatu, 10 Machi

Chumba kizuri. Jua kali kidogo, kwa hiyo nimeweka pazia.

Mpwa mwanasheria kaniachia simu yake, tundu la chaji limelegea. Nikamwomba namba ya siri, kwa ajili ya majaribio tu. Kacheka, hakunipa. Sawa, sheria ni sheria.

Saa tano umeingia ujumbe wa Mama Jengo. Juu ya kioo yameonekana maneno machache tu: "Kuhusu yule fundi wetu, nimefikiri ni..."

Ni nini?

Mtandao nimeuzima kwanza, tiki zisinichongee tena. Nimejifunza! Nimebahatisha namba mara nne, imekataa. Imebaki nafasi moja kabla simu haijajifunga kabisa. Nina hakika ni mwaka wake wa kuzaliwa. Anaonekana kazaliwa mwaka themanini na saba.