Usingizi Wangu na Kabichi za Kijiji

Jumatatu, 2 Juni 1975
Mafua makali yameondoka kijijini kwetu Mgeta na usingizi wangu yameuchukua. Homa imekwisha, kikohozi kimekwisha, macho hayafumbiki. Usiku namweleza mke wangu Veronika mawazo yangu ya maendeleo. Leo amehamia jikoni, kwa kuku. Eti kuku angalau hunyamaza giza likiingia. Mke wa ndoa!

Jirani yangu Lukasi tuliugua pamoja. Yeye kapata kinyume: analala kupita kiasi. Jana kasinzia kanisani akiwa amesimama. Watu wanampelekea mayai na uji. Mimi niliye macho, nani kaniletea hata ndizi?

Jumanne, 3 Juni
Zahanati. Nesi Scholastika amesema wengi waliougua wako hivi, wengine hawalali, wengine hawaamki, mwili haujarudi sawa. Niamke mapema, nikae juani, nisilale mchana, niache chai ya jioni, nianze kulima kidogo kidogo. Nikaomba sindano. Hataki. Nikaomba vidonge, hata vyeupe tu.

“Kaka Kasimiri,” akasema, “jembe ndilo kidonge chako.”

Huyu hakusoma vizuri.

Jumatano, 4 Juni
Wazo! Nguruwe pori wanavamia shamba la kijiji, na lori la kununua kabichi linakuja Jumamosi. Nikaenda kwa mwenyekiti, Mzee Gabrieli. Shikamoo ndefu, kofia mkononi. Nikamwambia mimi ni macho tu, silali: nilinde usiku, nisamehewe kulima mchana. Akauliza kama nina hakika sitalala. Nikasema aulizwe Veronika. Veronika akaapa kwa Bikira Maria.

Nimepewa debe la kupiga na kibanda chenye majani makavu. Lukasi kapita na jembe begani, anapiga miayo. Nimempungia mkono kwa hisani.

Alhamisi, 5 Juni
Ushindi! Nimepiga debe tangu magharibi mpaka majogoo. Hakuna nguruwe aliyesogea. Asubuhi Mzee Gabrieli kaja, macho mekundu kama pilipili. Kijiji kizima hakikulala, isipokuwa Lukasi. Kaamuru nisiguse debe mpaka nimwone nguruwe kwa macho yangu. Wivu tu.

Ijumaa, 6 Juni
Sijui niandikeje. Kibandani kulikuwa kimya. Baridi ya mlimani, blanketi zito, majani yananukia. Nikafumba macho kidogo ili nisikie vizuri. Kufumbua: jua, na nyuso za watu.

Matuta ya kabichi waliyopanda kina mama yameliwa yote. Yangeliwa na mengine, ila Lukasi, aliyelala tangu jana alasiri, alishiba usingizi akaamka alfajiri, akawakimbiza nguruwe kwa mawe. Lukasi!

Veronika hakufoka. Alishika kisiki cha kabichi, akasema polepole, “Tulizimwagilia hizi wewe ukiwa kitandani na homa.”

Afadhali angenipiga. Sikujua pa kuweka uso.

Jumamosi, 7 Juni
Lori limeondoka nusu tupu. Kina mama wamelitazama mpaka likapotea kwenye kona. Mkutano wa kijiji umeamua: nipande upya matuta yote, peke yangu, mchana, huku nikionekana. Nikajitetea kwamba mimi bado mgonjwa. Nesi Scholastika akasimama akasema kazi hiyo hiyo ndiyo niliyoandikiwa. Watu wakapiga makofi.

Jumatano, 11 Juni
Nimelima na kupanda siku zote hizi. Viganja vimechubuka. Jioni hata chai sitaki. Nikiweka kichwa chini, naondoka kama gogo mpaka asubuhi. Veronika amerudi chumbani, na leo kaniwekea maji ya moto ya kuoga. Sijamsikia akicheka hivi tangu kabla ya mafua.

Nesi kapita shambani. “Umeona sasa, kaka?”

Nimeona sana! Tena nimeona asichokiona yeye. Usingizi wangu ulirudia wapi mara ya kwanza? Kibandani! Nilikuwa nimeshika jembe? Sikushika. Basi dawa ni kulinda. Waliougua wote wasiopata usingizi wapelekwe lindo, na mimi niwe msimamizi wao, wa kukaa.

Kesho mapema naenda kwa Mzee Gabrieli. Kabichi sitaziomba tena, nguruwe wanaziona kirahisi mno. Safari hii nitaomba kulinda viazi. Viko chini ya ardhi. Nguruwe atajuaje?