Mifugo Laki Moja na Nusu Iliyokataliwa na Kamati

Adan Jillo,
Nyuma ya josho la zamani,
Minjila.

Jumatatu

Kwa Mzee Kalla,
Mwenyekiti,
Kamati ya Wenye Mifugo ya Minjila na Vitongoji Vyake.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

KUH: KUNYIMWA HAKI YA KUITWA MFUGAJI

Assalamu alaikum. Ni matumaini yangu barua hii itakukuta mzima wewe, ng'ombe wako, mbuzi wako, na yule kuku wako mweupe ambaye habari zake nitazifikia kwenye lalamiko namba tatu. Mimi sijambo, ila moyo.

Unanifahamu vizuri. Nilikuwa na ng'ombe sitini na wawili, na kiti katika kamati hii hii, kile cha karibu na mlango panapopita upepo. Ukame ukanichukulia sitini na mmoja. Aliyebaki ni kikongwe, hana meno wala maziwa, na nadhani alibaki kwa sababu kifo kilimsahau. Kiti changu kikapewa mtu mwingine, maana kanuni ya kamati inasema aliye na mifugo chini ya ishirini si mwenye mifugo. Sikulalamika. Sheria ni msumeno.

Lakini leo nina mifugo laki moja na nusu, na bado mmekataa kuniandika. Hapo ndipo nimechukua kalamu.

Kwa faida ya wanakamati ambao hawajafika kwangu, nieleze. Mwaka jana ulikuja mradi ukiongozwa na dada mmoja aitwaye Stacy. Wanagawa mabuu wachanga wa nzi mweusi kwa yeyote mwenye beseni na subira. Mabuu hao hulishwa makombo ya chakula, wakinona hukaushwa, husagwa, na kuwa chakula cha paka na mbwa wa watu wa mijini. Makombo yangu hutoka hoteli ya dada yako Bishara, pale njia panda ya Garsen yanaposimama mabasi ya Lamu: ukoko wa pilau, maganda ya ndizi, chapati ambazo abiria wameziacha nusu kwa kuitwa na honi. Zamani vyote hivyo vilitupwa nyuma ya hoteli vikavunda. Siku hizi vinaliwa mpaka sahani ing'ae.

Nikwambie pia wazi kinachonichoma. Nilimposa Bishara. Ni mjane, ni mtu mzima, akili zake timamu, na hakunikataa. Alisema: "Adan, mimi ni binti wa wafugaji na nimekuwa mke wa mfugaji. Niletee karatasi ya kaka Kalla inayosema wewe ni mfugaji, tutaongea." Nikaja kwako kuomba karatasi. Ukacheka mbele ya watu, ukaniambia nikawanyweshe mabuu wangu mtoni. Kwa hiyo, Shemeji (samahani, Mheshimiwa Mwenyekiti, kalamu imeteleza), nayaleta malalamiko yangu kwa maandishi ili ayacheke mwenye kusoma peke yake.

1. Mlisema mnyama ni yule anayehama kutafuta malisho, na kwamba wangu wanalala tu kwenye beseni. Hizo ni habari za zamani. Wale wakubwa wao wamebadilika rangi kutoka weupe wakawa weusi, wamekataa chakula kwa shibe, na wameanza kupanda ukuta wa beseni wakitafuta pakavu. Sisi Waorma tunaijua tabia hiyo. Mto ukifurika baba zetu waliondoka na ng'ombe kwenda nchi kavu, na waliongozwa na wazee, mbwa na vijana wenye fimbo. Wangu wanajiongoza wenyewe.

2. Mwanakamati mmoja, simtaji kwa kuwa ni mkubwa wangu, alisema: "Hawa hata maziwa ya chai hawana." Ni kweli. Lakini hata fahali hana, na ninyi fahali mnamwandika. Isitoshe, huyo mkubwa wangu nimemwona dukani akinunua maziwa ya paketi.

3. Ijumaa iliyopita, nikiwa msikitini, kuku wako mweupe aliingia kwangu bila hodi na kula mifugo yangu isiyopungua elfu nne. Mheshimiwa, fisi akichukua mbuzi hapa kwetu, kamati huandika barua serikalini. Ng'ombe wakiibwa, vijana hufuata nyayo mpaka zinakoishia. Nyayo hizi nimezifuata mwenyewe. Zinaanzia kwenye beseni langu na kuishia mlangoni kwako. Mimi sitaki kuliita jambo hilo wizi wa mifugo, nakuachia wewe mwenyekiti ulipe jina. Ninachojua ni kwamba tangu siku hiyo kuku amenenepa na anataga kila siku. Ukitazama kwa haki, mayai yale ni mifugo yangu iliyobadilika umbo. Sidai yote. Nipe nusu.

4. Hakuna anayenishukuru kwa amani. Mnakumbuka zamani nilivyogombana na Mramba, mkulima wa pale ng'ambo, kila ng'ombe wangu walipoonja mahindi yake. Tulifikishana kwa chifu mpaka chifu akachoka na sura zetu. Leo Mramba mwenyewe ananiletea maembe yaliyooza, kwa baiskeli yake, na anakaa kunywa chai. Mkulima anapeleka shamba kwa mifugo! Naikumbuka vizuri kanuni yenu kwamba mfugo ukiingia mahali pa mtu na kuharibu, mwenyewe hulipa fidia bila kubisha. Mimi naiunga mkono kwa mikono miwili. Na tena napendekeza fidia hiyo iwe mara mbili, maana mwenye mifugo kama yangu ana lipi la kuogopa? Na ili pasiwe na ubishi, mabeseni yote nimeyachoma chapa ya ukoo wetu. Hakuna mwingine anayefuga wanyama hawa kutoka Garsen hadi Kipini. Akionekana popote, iwe juu ya mti au ndani ya nyumba ya mtu, jueni ni wa Adan Jillo.

5. Hili ndilo lililoniumiza kuliko yote. Ulisema, ukiwa umesimama na mkono kiunoni: "Mnyama wa kweli humjua mwenyewe. Mimi nikipiga mluzi, ng'ombe wangu wanageuka. Wako watageuka?" Watu wakacheka.

Nilikwenda nyumbani nikapiga mluzi. Sitakudanganya, hawakugeuka. Nimekaa nao asubuhi nyingi, nikawasemesha kama nilivyowasemesha ng'ombe, nikawaita hata kwa jina la yule ng'ombe wangu mwekundu aliyekuwa akitangulia kundi. Wakaendelea kula. Unaweza kusema hawana masikio, na ni kweli, lakini lilinisikitisha. Wale sitini na mmoja walinijua hadi siku ya mwisho. Waliokuwa wamelala hawawezi kuinuka bado waligeuza shingo nikipita. Katika lalamiko hili, Mheshimiwa, nakiri kamati imenishinda, na nakuomba usinicheke tena kwa hilo.

6. Hata mradi wenyewe haunipi heshima ya mfugaji. Stacy anataka niwatoe mabuu wakiwa bado weupe, siku ya kumi na nne ikifika, eti wakishakuwa weusi muda wao umepita. Nikamuuliza ni mfugaji gani duniani huuza kundi kwa sababu linanona. Mfugaji huuza akiwa na shida: mtoto mgonjwa, mgeni mkubwa, msiba. Asipokuwa na shida, kundi ni la kutazamwa. Jioni unavuta kigoda, unatazama, unashukuru Mungu. Nimemrudisha na magunia yake matupu mara mbili. Mara ya pili akaniambia: "Mzee Adan, hawa si ng'ombe, utajuta." Nimemsamehe, ni mtoto wa mjini. Nimemwomba pia anipe uhakika kwamba mifugo yangu italiwa na paka peke yao, kwa sababu paka tunaishi naye ndani na mbwa analala nje, na hilo nalo bado hajanijibu.

7. Mila yetu inajulikana. Anayeposa hulileta kundi lionekane na wakwe. Nami nimetimiza. Nilichagua mabeseni matatu ya wale weusi, walionona kuliko wote, nikayapakia kwenye mkokoteni wa punda hadi Garsen, nikayaweka stoo ya hoteli ya Bishara, nyuma ya magunia ya mchele, nikayafunika kwa gunia lenye hewa. Bishara aliniruhusu siku moja. Leo ni ya nane. Wewe unakula chakula cha mchana pale kila siku, hatua kumi tu kutoka kwa kundi langu, na hata siku moja hujainuka kwenda kutazama. Mtu akikuletea kundi usilitazame, nani amemtukana mwenzake? Ni wewe umemtukana yeye.

Kwa hayo yote naomba mambo manne. Niandikwe mfugaji kwenye daftari la kamati. Nirudishiwe kiti changu cha mlangoni. Bishara apelekewe karatasi yenye mhuri kabla hajabadili mawazo. Na mwisho, kwa kuwa ukihesabu vichwa mimi nawapita wanakamati wote mkijumlishwa pamoja na kondoo wenu, kamati ione kama ni haki wewe kuendelea kuwa mwenyekiti wangu. Sitaki ugomvi. Naweza kusubiri hata mwezi ujao.

Nisalimie wazee wote wa kamati, mmoja mmoja, pamoja na yule wa maziwa ya paketi. Wasalimie wake zako na watoto. Kuku usimsalimie.

Mimi wako katika kazi ya kuchunga,

Adan Jillo
(mifugo 150,000, ukitoa walioliwa na kuku)

N.B. Ijumaa.

Mheshimiwa, barua hii imekaa mfukoni mwangu siku nne nikitafuta bahasha inayolingana na uzito wake. Nashukuru Mungu sikuipata mapema. Kama bado hujaanza kusoma, tafadhali anzia hapa.

Nakuomba ufute yote niliyoandika hapo juu. Mimi si mfugaji. Sijapata kuwa mfugaji tangu ukame, kamati iliona mbali, na kanuni ya mifugo ishirini ni kanuni nzuri sana. Lile pendekezo la fidia mara mbili lilikuwa mzaha wa kalamu. Na pale niliposema akionekana popote ni wa Adan, nimekumbuka kwamba nzi ni wa Mungu.

Yaliyotokea leo baada ya sala ya Ijumaa unayajua, kwa kuwa ulikuwepo na kijiko mkononi. Lakini nayaandika ili yawe kwenye kumbukumbu kama mimi niliyekuwa mlangoni nilivyoyaona. Basi la Lamu lilikuwa limesimama, hoteli imejaa, pilau imeshapakuliwa. Mlango wa stoo ukafunguliwa kutoa mchele. Wakatoka. Kumbe wale weusi hawakuwa wameshiba, walikuwa wanajiandaa kuota mabawa, kama Stacy alivyojaribu kuniambia nikamwita mtoto wa mjini. Walikuwa wengi mpaka hoteli ikaingia kiza. Hawaumi na hawali chochote, hilo naweza kuapa, lakini abiria hawakusubiri kuelezwa. Kuna mmoja aliyepanda basi na sahani ya Bishara.

Bishara akasimama katikati ya meza na mwiko mkononi, akauliza kwa sauti ambayo hata dereva aliisikia: "Wanyama hawa ni wa nani?"

Watu wakanigeukia. Nawe ukanigeukia. Mheshimiwa, miaka mitatu, tangu ukame, nimeililia nafasi ile: kusimama mbele yako na mbele ya Bishara niulizwe wanyama ni wa nani, nami niseme ni wangu. Nikasema: "Mimi? Mimi sina mfugo. Muulizeni Mzee Kalla, ndiye aliyenikataa."

Kabla sijafunga mdomo, wakaja. Waliacha meza, wakaacha sahani, wakaacha kofia yako walikokuwa wameanza kutua, wakanijia mimi. Wakajaa kichwani, mabegani, kwenye kikoi changu mpaka chini. Stacy nimempigia simu, anasema ni kwa sababu nimekaa na makombo mpaka nanuka makombo. Huenda. Mimi nilisimama pale nimewavaa, huku maneno ya kuwakana bado yako hewani, na nikaona aibu ambayo sijaionja tangu nizaliwe. Wewe ukaweka kijiko chini, na kwa mara ya kwanza hukucheka.

Kwa hiyo andikeni kwamba Adan Jillo ana ng'ombe mmoja asiye na meno, basi. Mabeseni yaliyobaki Stacy ameyachukua leo, na nimemsaidia kupakia. Bishara ameniambia nirudi kesho asubuhi na ufagio. Sijui kama hilo ni jibu la posa au ni hukumu, lakini ufagio nimenunua mpya.

Barua ichanwe yote, isipokuwa lalamiko namba tano. Hilo liacheni, na mliandike upya. Walinijua, Mheshimiwa. Na hata mluzi sikupiga.